Milima ya Rwenzori: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusanywa kwa ajili ya wanaojiandaa kwenda Rwenzori, na pia kwa wanafunzi na wasomaji ambao hawana mpango wa kupanda lakini wanataka kuielewa milima hii. Atakayesoma kuanzia juu hadi chini ataona kwamba karibu kila swali, liwe la miamba, la mimea au la viatu, hatimaye hurudi kwenye maji. Rwenzori ni milima ya maji kabla ya kuwa milima ya vilele, na anayelijua hilo mapema hujiandaa vizuri zaidi.

## Mambo ya msingi

Milima ya Rwenzori iko wapi?

Iko kwenye mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kaskazini kidogo ya mstari wa ikweta, kati ya Ziwa Edward na Ziwa Albert. Safu nzima ina urefu wa takriban kilomita 120. Upande wa Uganda miji iliyo karibu ni Kasese na Fort Portal, na upande wa Kongo wapandaji huanzia Mutwanga.

Je, ni mlima mmoja au ni milima mingi?

Ni safu yenye milima mikuu sita iliyotenganishwa na mabonde na mapito ya juu. Mrefu kuliko yote ni Stanley, ambao kilele chake cha Margherita kina mita 5,109 na jirani yake Alexandra mita 5,091. Baada yake hufuata Speke (mita 4,890), Baker (4,843), Emin (4,798), Gessi (4,715) na Luigi di Savoia (4,627). Kwa kimo cha Margherita, Stanley ni mlima wa tatu barani Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya.

Tofauti na Kilimanjaro, ambao mtu huuona wote ukiwa umesimama peke yake juu ya tambarare, Rwenzori haina mahali pa chini ambapo mtu atasimama na kuuonyesha kwa kidole mlima mmoja. Vilele vya juu vimefichwa nyuma ya migongo ya mbele, na mgeni hutembea siku mbili au tatu kabla ya kuviona kwa karibu.

Majina haya yametoka wapi?

Majina mengi ya Kizungu yaliyomo kwenye ramani yalitolewa na msafara wa mwaka 1906 ulioongozwa na Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, ambaye ndiye aliyefika kwanza kwenye kilele cha juu na kukiita Margherita kwa heshima ya malkia mjane wa nchi yake. Katika msafara huo alikuwemo mpigapicha Vittorio Sella, ambaye picha zake zimekuwa ushahidi muhimu wa jinsi barafu ilivyokuwa wakati ule. Kabla ya hapo, mwaka 1888, msafiri Henry Morton Stanley alikuwa ameiona theluji hiyo kutoka mbali na kuiandikia Ulaya habari zake. Wengi pia huihusisha safu hii na ile Milima ya Mwezi aliyoitaja Ptolemaio, mwanajiografia wa kale, katika karne ya 2 kuwa chanzo cha Nile.

Hata hivyo, Wakonzo walioishi kwenye miteremko hii tangu zamani walikuwa na majina yao na maana zao. Kwao theluji ni *nzururu*, na humo ndimo anamokaa Kitasamba, mwenye milima. Ufalme wao, Rwenzururu, umebeba neno hilohilo. Ni haki kuyakumbuka haya kila tunaposoma kwamba fulani "aligundua" milima ambayo watu walikuwa tayari wakiitolea sadaka.

Kwa nini mara nyingi milima haionekani?

Kwa sababu ya mawingu. Hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo na kutoka mashariki hugonga ukuta wa milima, hupanda, hupoa na kugeuka wingu kabla ya saa nne asubuhi katika siku nyingi. Atakayetaka kuona theluji akiwa Kasese au Fort Portal na aamke alfajiri, hasa baada ya usiku wa mvua, wakati hewa imesafishwa na mawingu hayajakusanyika upya.

## Miamba na kuinuka kwa milima

Je, Rwenzori ni volkano kama Kilimanjaro na Mlima Kenya?

Hapana. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na lina sababu yake: miguuni pa milima kuna mashimo mengi ya volkano, yakiwemo maziwa ya kreta ya karibu na Fort Portal na lile la Katwe ambako watu huvuna chumvi. Mtu akishayaona hayo hudhani kwamba milima nayo ni ya aina moja nayo. Lakini ukipanda hutakuta lava iliyoganda wala shimo la kreta kileleni. Utakuta miamba ya kale sana ambayo zamani ilikuwa chini kabisa ya ardhi.

Kama si volkano, milima iliinukaje?

Rwenzori ni pande kubwa la gamba la dunia lililosukumwa juu katikati ya Bonde la Ufa. Tawi la magharibi la bonde hilo linapopita hapa limegawanyika: upande mmoja kuna bonde la mto Semliki, upande wa pili kuna bonde lenye Ziwa George, na pande la Rwenzori limebanwa katikati, likiwa limeshikamana na nyanda za jirani upande wa kaskazini tu. Ardhi ya pande hizo mbili ilipokuwa ikishuka kwenye nyufa, pande la katikati lilipanda. Katika bonde la Semliki mashapo yaliyoletwa na maji yamerundikana kwa unene wa kilomita kadhaa, kwa hiyo tofauti halisi kati ya mwamba ulioshuka na mwamba uliopanda ni kubwa kuliko ile tunayoiona kwa macho.

Kijiolojia jambo hili ni la juzi. Sehemu kubwa ya kuinuka ilitokea katika miaka milioni chache iliyopita, na ndiyo maana miteremko bado ni mikali na mabonde ni membamba. Kazi bado inaendelea, kama matetemeko yanavyoonyesha: lile la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu katika eneo la Toro na upande wa Kongo.

Miamba yenyewe ni ya aina gani?

Mingi ni miamba iliyogeuzwa umbo kwa joto na mgandamizo: naisi yenye mistari ya rangi nyeupe na nyeusi, shisti inayomeremeta kwa sababu ya ulanga (madini yanayong'aa yaitwayo pia maika), kwazaiti ngumu, na amfiboliti nyeusi inayoonekana sana kwenye Mlima Stanley. Umri wake katika sehemu nyingi unazidi miaka bilioni 2. Tunakutana basi na jambo la kustaajabisha: milima michanga iliyojengwa kwa mawe ya kale mno.

Kwa mtembeaji, tofauti hizi si za vitabuni tu. Shisti iliyolowa huteleza kama sabuni, hasa pale ulanga wake ulipolala sambamba na mteremko, ilhali naisi yenye chembe kubwa hushika soli vizuri hata ikinyesha. Waongozaji wengi hawatumii majina haya, lakini hujua kwa rangi tu jiwe lipi la kukanyaga.

Ndani ya miamba ya Kilembe, juu ya mji wa Kasese, kuna shaba na kobalti. Shaba hiyo ndiyo iliyoifanya reli ifikishwe Kasese mwaka 1956.

## Barafu na maji

Inawezekanaje kuwe na theluji karibu na ikweta?

Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, kwa hiyo ikiwa ufukweni mwa Ziwa George ni nyuzi 30, kwenye mita 5,000 ni nyuzi 5 hivi tu, na usiku huwa baridi ya kugandisha. Penye unyevu mwingi kama hapa, kinachoanguka ni theluji. Kisichotofautiana sana ni majira: hakuna miezi ya baridi na miezi ya joto kama Ulaya, bali joto na baridi hubadilishana kila siku moja, jua likiwaka mchana na maji yakiganda usiku.

Barafu imebaki kiasi gani?

Imebaki kidogo, na inaendelea kupungua. Mwaka 1906 ilikadiriwa kufikia takriban kilomita za mraba 6.5, ikiwa imetandazwa kwenye milima yote sita. Picha za setilaiti zilionyesha takriban kilomita za mraba 2 mwaka 1987 na takriban 1 mwaka 2003, na kupungua hakukuishia hapo. Kilichosalia cha maana kiko kwenye Mlima Stanley.

Ninaandika habari hii kwa uchungu. Anayetembea leo chini ya kibanda cha Elena, kwenye Mlima Stanley, huvuka mabamba ya mwamba yaliyolainishwa na kuchorwa mikwaruzo mirefu inayoelekea upande mmoja. Weka kiganja juu yake uhisi mifereji ile midogo: ni alama za mawe yaliyokokotwa na barafu iliyokuwa inapita papo hapo.

Je, zamani barafu ilifika mbali kiasi gani?

Katika enzi ya barafu ilishuka hadi ndani ya ukanda ambao leo ni msitu. Kibanda cha Nyabitaba, ambacho wageni wengi hulala usiku wa kwanza, kimejengwa juu ya mgongo mrefu wa mawe na udongo uliosukumwa kando na barafu ya bonde la Mubuku. Ziwa Mahoma, lililo karibu na hapo, limezuiliwa na mabaki ya aina hiyohiyo. Mabonde ya juu, kama lile la Bujuku, yana umbo la herufi U na sakafu bapa isiyotiririsha maji vizuri, na ndipo yalipozaliwa matope tutakayoyazungumzia kwenye swali la viatu.

Maji yote haya huenda wapi?

Yote huishia Nile. Wengi hufikiri kwamba mvua inayonyesha upande wa Kongo huenda kwenye mto Kongo, kumbe sivyo: mito ya upande huo huingia Semliki, na Semliki humwaga maji yake katika Ziwa Albert, ambamo Nile hupita. Mito ya mashariki, kama Mubuku na Nyamwamba, hushuka hadi Ziwa George, ambalo maji yake huenda Ziwa Edward, na kutoka humo huanza Semliki. Yaani maji ya mashariki huizunguka safu nzima kwa kusini kabla ya kukutana na ndugu zao wa magharibi.

Barafu huchangia sehemu ndogo tu ya maji hayo. Kinachoilisha mito ni mvua, ukungu, misitu na vinamasi vinavyohifadhi maji na kuyaachia polepole.

Je, kweli mito hii hufurika?

Ndiyo. Nyamwamba ulifurika vibaya mwezi Mei 2013 na tena mwezi Mei 2020, ukabeba nyumba, madaraja na mawe makubwa hadi Kilembe na Kasese. Mabonde ni mafupi na yana mwinuko mkali, kwa hiyo mvua ya saa chache juu hufika chini kwa ghafla. Msafiri asipige hema kwenye kingo za mto, hata kama mahali hapo ni bapa na pakavu.

## Mimea na wanyama

Ile mimea mikubwa ya ajabu ni mimea gani?

Unapopanda hupita kanda moja baada ya nyingine: msitu wa mvua, kisha mianzi kuanzia karibu mita 2,500, kisha miti ya erika iliyofunikwa kuvumwani inayoning'inia kama ndevu za wazee, na juu ya mita 3,800 hivi lobelia na senesio kubwa. Hizi mbili za mwisho ndizo watu wanazouliza. Jamaa zake sehemu nyingine za dunia ni majani madogo ya bustanini, lakini hapa zimekuwa ndefu kumzidi mtu.

Siri yake ni usiku. Senesio haiangushi majani yaliyokufa. Huyaacha yauzingire mti kama blanketi, na majani mabichi ya juu hujikunja jua linapozama ili kuulinda moyo wa mmea. Lobelia ya aina ya *bequaertii*, inayoota kwenye vinamasi, hutumia njia nyingine: hushika maji katikati ya majani yake. Pita asubuhi mapema, chungulia ndani, na utaona kigae chembamba cha barafu kimeelea juu, huku maji yaliyo chini yake hayajaganda na kichipukizi kikiwa salama. Kufikia saa tatu kigae hicho kimeshayeyuka.

Nitaona wanyama gani?

Msituni kuna mbega, kima, kinyonga wa pembe tatu na ndege wengi, akiwemo shorobo wa Rwenzori anayepatikana tu katika milima ya ukanda huu wa Bonde la Ufa. Juu zaidi wapo pimbi na chozi wanaofyonza maua ya lobelia. Chui yupo lakini ni nadra mno kuonekana. Anayekwenda kwa ajili ya wanyama wakubwa tu atakuwa amekosea njia.

## Kutembea na kupanda

Ni njia zipi zinazotumika?

Njia ya zamani ni ya mzunguko, inayoanzia Nyakalengija. Hupita vibanda vya Nyabitaba (mita 2,651), John Matte (3,505) na Bujuku (3,962), na kutoka hapo wanaokwenda Margherita hupanda hadi Elena (4,541). Kurudi ni kwa kupitia pito la Scott Elliot hadi maziwa ya Kitandara, kisha pito la Freshfield, kibanda cha Guy Yeoman na Nyabitaba tena. Mzunguko huchukua takriban siku 7, na kilele huongeza siku moja. Njia ya pili huanzia Kilembe na kupanda kutoka kusini. Ni ndefu zaidi, na sifa yake ni kumpa mtu muda wa kuzoea mwinuko.

Kwa maoni yangu, sehemu nzuri kuliko zote si kilele bali ni Kitandara, ambako maziwa mawili meusi yametulia kati ya kuta za Baker na Luigi di Savoia. Anayeweza kuongeza siku moja ya mapumziko na aiongeze hapo.

Ni miezi ipi iliyo bora?

Mvua hunyesha mwaka mzima, lakini hupungua kati ya Desemba mwishoni na Februari, na kati ya Juni na Agosti. Hata katika miezi hiyo usitegemee safari kavu.

Nivae viatu gani?

Gambuti. Wageni wengi hufika na viatu vya ngozi vya bei kubwa na kudhani wanataniwa wanapoambiwa hivyo. Katika vinamasi vya Bigo, kati ya John Matte na Bujuku, matope hufika magotini na pengine kuzidi. Zipo njia za mbao zilizojengwa sehemu nyingi, ili kurahisisha safari na pia kuulinda uoto usikanyagwe, lakini hazifuniki kila mahali. Pasipo na mbao, mtu huruka kutoka kishungi kimoja cha nyasi hadi kingine, na kishungi kikiyumba, mguu huzama. Mwongozaji mzoefu huchomeka fimbo kwanza, husikiliza mguso wa mwamba au mizizi, ndipo hukanyaga. Mwige.

Viatu vigumu vya kupandia vinahitajika kuanzia Elena tu, pamoja na vyuma vya meno vya kufunga chini ya soli, shoka la barafu, kamba na mkanda wa kiunoni. Nguo za kulalia zifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, tena miwili, na zisivaliwe mchana kwa sababu yoyote ile.

Je, ni vigumu kuliko Kilimanjaro?

Kimo ni pungufu kwa karibu mita 800, lakini kazi ni kubwa zaidi. Njia hupanda na kushuka mara nyingi, ardhi imelowa, na siku ya Margherita inahitaji kutembea juu ya barafu kwa kamba. Aliyefika Uhuru bila taabu asichukulie hilo kuwa kibali.

Je, ninaweza kwenda bila mwongozaji?

Hapana. Eneo hili ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991 na urithi wa dunia tangu 1994, na kanuni zinataka kila mgeni aandamane na mwongozaji. Wengi wa waongozaji na wapagazi ni Wakonzo wa vijiji vya chini, na kazi hii ni sehemu ya riziki ya kijiji kizima. Hakikisha mpagazi wako ana koti la mvua na mahali pakavu pa kulala kama ulivyo wewe.

Nifanyeje nikipata ugonjwa wa mwinuko?

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo, na ukizipata usipande zaidi hadi ziishe. Mtu akianza kuyumba anapotembea, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa ameketi, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku na hata kama kilele kinaonekana. Kusubiri kupambazuke kumewahi kuua watu milimani. Shida ya Rwenzori ni kwamba kushuka si rahisi: kutoka Bujuku njia ya kurudi ina kinamasi kilekile, kwa hiyo uamuzi wa kushuka ufanywe mapema kuliko ambavyo ungeufanya kwenye mlima mwingine. Dawa ya asetazolamidi husaidia wengine kuzoea, lakini ushauri wa daktari utafutwe kabla ya safari.

## Hali za pekee

Je, inafaa kwenda bila nia ya kufika kileleni?

Inafaa sana. Mzunguko mfupi wa Ziwa Mahoma huchukua siku 3 na hupita msitu, mianzi na erika. Wasio na siku hizo wanaweza kutembea kwenye vilima vya chini na kurudi jioni.

Vipi kuhusu kupanda kutoka upande wa Kongo?

Upande huo umo ndani ya Hifadhi ya Virunga na mandhari yake ni ya kuvutia mno, lakini mashariki mwa Kongo kumekuwa na mapigano kwa miaka mingi. Hata upande wa Uganda hifadhi iliwahi kufungwa kwa sababu ya waasi, kuanzia 1997 hadi 2001. Ulizia hali ya usalama kwa mamlaka za hifadhi muda mfupi kabla ya kuondoka, na usitegemee taarifa za mwaka uliopita.

Nimesikia njia ya kwenda Margherita hubadilika. Ni kweli?

Ni kweli, na sababu ni ile iliyoelezwa kwenye swali la barafu iliyobaki. Barafu inapopungua hufungua nyufa na kuacha kuta za mwamba mahali ambapo zamani palikuwa na mteremko mwepesi, hivyo waongozaji hulazimika kuhamisha kamba na ngazi. Maelezo ya njia yaliyoandikwa miaka 10 iliyopita yasitumike kwa sehemu iliyo juu ya Elena. Mwongozaji akitazama barafu saa nane za usiku na kusema leo haipandiki, mkubalie, urudi kulala, na umuulize kama mnaweza kujaribu kesho yake.